Fungua dirisha kabla hujafungua kopo

Tunduru, Julai

Mwanangu Zuhura,

Jana kwenye simu ulikohoa mara tatu, ukasema ni vumbi la Dar es Salaam. Ile picha uliyotuma tumwone kanga, mimi nilitazama nyuma ya kanga. Makopo ya rangi ya mafuta yamefika hadi chini ya kitanda, na dirisha umeliziba kwa mbao zinazosubiri kukauka. Unalala humo humo na tapentaini?

Kanga mwenyewe ni kanga kweli. Nilianza kuhesabu madoa ya bawa moja, nikapita mia, nikapotea. Jirani kaapa kwamba hiyo ni kazi ya mashine, nikamwambia ni mkono wa binti yangu. Ila miguu umeifupisha. Kanga wa huku hukimbia kwanza, kuruka ni baadaye. Mpe miguu.

Turudi kwenye dirisha. Mikorosho tumeanza kuipulizia salfa wiki hii. Nimefunga kitambaa puani, na mdogo wako nimemkataza kusogea shambani. Wewe nilikuwa nakuita unishikie ndoo. Usiku nikisikia kifua changu kinavyokoroma, nakuwaza wewe.

Mzee Tingatinga, wa wilaya yetu hii hii, alianza kuchora mwaka 1968 hivi, na 1972 akafa kwa risasi. Miaka minne tu, na mpaka leo watu wanasomesha watoto kwa mtindo alioacha. Yeye muda hakupewa. Wewe unao, halafu unajifungia nao chumbani.

Huyo mwenye duka anayekuita Zanzibar, muulize kwanza mtachorea wapi, bei ije baadaye. Akitaja chumba cha nyuma ya duka, usipande boti. Na hayo malipo ya kwa kila picha yatakukesheza. Nakujua, hutakubali kuacha unyoya hata mmoja, utachora mpaka alfajiri na mlango umefungwa kwa kuogopa mbu. Nunua chandarua, chorea barazani. Pesa ya chandarua nimekutumia, usinunulie brashi.

Mama yako anakusalimu. Anasema vitenge viwili ulivyoacha kavikunja, atavituma kwa basi la Alhamisi pamoja na korosho za kubangua. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Bati la jikoni bado linavuja, nangoja mauzo.

Ule ubao wako wa tembo, wa darasa la saba, haupo tena kwenye mlango wa banda la kuku. Niliung'oa baada ya Idi, nikaufuta kwa kitambaa kibichi. Mkonga umebanduka rangi pale nilipopigilia msumari. Sasa uko sebuleni, juu ya redio. Ukija, uangalie kama unaweza kuurekebisha.

Nijibu kabla hujasafiri: hilo dirisha linafunguka, au limepigiliwa?

Baba yako