Barua kutoka Jinja: vijana wetu hawaigi jirani

Jinja, Uganda

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimeifikiria sana ile hoja yako kwamba maandamano ya vijana dhidi ya kodi yaliyotokea Nairobi mwezi Juni 2024 yatavuka mpaka wetu wa Malaba, tupende tusipende. Hapo sikubaliani nawe.

Fikra hiyo ni ya zamani. Mwaka 1954 Rais Eisenhower wa Marekani alizifananisha nchi za Asia ya Kusini-Mashariki na vipande vya dhumna vilivyopangwa safu, kimoja kikianguka vyote huanguka. Mwaka 1975 Vietnam Kusini, Kambodia na Laos zilishikwa na wakomunisti, lakini Thailand, iliyopakana na mbili kati ya hizo, haikufuata.

Tuangalie ya kwetu. Tarehe 20 Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi wa hapa Jinja, wakamshikilia Waziri Felix Onama aliyekuja kuzungumza nao mpaka akakubali kuwaongezea mshahara. Tarehe 24 ikawa zamu ya kambi ya Lanet, huko kwenu Nakuru, Kenya. Ukizisoma tarehe hizo peke yake utasema uasi ulivuka mipaka wenyewe. Lakini vikosi vile vyote vilitokana na jeshi moja la kikoloni, King's African Rifles, na hata baada ya uhuru askari waliendelea kuamrishwa na maofisa wa Kiingereza kwa malipo duni. Kilichovuka mpaka ni habari tu. Malalamiko yalikuwa yamekwisha kukaa kambini. Na majibu hayakufanana: Nyerere alilivunja jeshi akaunda jipya, Kenya ikawashtaki waasi, na hapa askari wakapewa walichodai. Mwaka 1971 jeshi hilo la Uganda likampindua Rais Obote, na mimi naamini mambo hayo mawili yanahusiana.

Ndiyo maana hoja yako inaniuma. Tarehe 23 Julai 2024, vijana waliojaribu kuandamana hadi Bungeni Kampala na kukamatwa na polisi walikuwa wameyaona ya Nairobi, sikatai, lakini ufisadi walioupinga ni wa hapa hapa, nao ndio wanaoulipia wanapokosa dawa hospitalini. Tukisema wameambukizwa, tunawapa wakubwa nafasi ya kudai kwamba wanaiga wageni tu, na madai yao yanaachwa bila kujibiwa.

Nijibu, na uniambie wazee wa huko wanaikumbukaje Lanet.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.