Tuisogeze safari ya Hell's Gate hadi Agosti

Nakuru

Mpendwa Mama Kombo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi hatujambo, na Mama Zawadi ameanza kutembea bila mkongojo. Nimeona nikuandikie upesi baada ya kusoma katika barua yako kwamba umewaahidi watoto safari ya mbuga ya Hell's Gate, kule Naivasha, katika likizo ya Aprili, na kwamba tutateremka korongoni hadi penye chemchemi za maji moto.

Mahali umechagua vema. Ni mbuga chache mno ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya punda milia, ngiri na twiga, na Kombo, ambaye tangu darasa la nne anauliza umeme hutoka wapi, ataona kwa macho yake mvuke ukifuka Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, unazalishwa tangu 1981. Kinachonitia hofu ni mwezi.

Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji, na maji bado hulipitia. Mvua ikinyesha mbali, hata kama nyinyi mnaota jua, mafuriko huteremka ghafla kati ya kuta zile zilizokaribiana, na aliye chini hana pa kukimbilia. Aprili 2012 vijana saba wa kundi moja la kanisa walifia humo. Mwaka tulioingia mimi na Kamau, yule kijana Mmasai aliyetuongoza alisimama ghafla, akatazama kijito kilivyobadilika rangi, akatuamuru tupande juu mara moja. Tulipoketi mwambani, pale tulipokuwa tumesimama palikuwa pamekwisha kufunikwa na maji mekundu ya tope. Sijaisahau sauti ya maji yale. Siwezi kuwashika mikono wanao na kuwashusha humo wakati wa masika.

Ndiyo maana nakusihi tungoje Agosti. Hata hivyo kiangazi si dhamana, kwani Septemba 2019 mafuriko yaliua tena watu humo humo. Kwa hiyo tutawauliza kwanza askari wa mbuga pale lango la Elsa, na wakikataa, tutabaki uwandani, tuendeshe baiskeli hadi mnara wa Fischer, ule mwamba mrefu ambapo pimbi huota jua, kisha tuwapeleke watoto kwenye bwawa la Olkaria, ambalo maji yake hupashwa moto na jotoardhi hiyo hiyo. Maji moto waliyoahidiwa watayapata bila kuingia korongoni.

Je, tiketi za treni umekwisha kulipa, au zinaweza kubadilishwa? Shule yao hufunga lini Agosti, na Baba Kombo ataweza kuomba ruhusa kazini? Mwanaisha amekwisha kujua baiskeli, au nitambeba mimi? Na habari hii utawaambia wewe, au nimwandikie Kombo mwenyewe? Tafadhali nijibu kabla hujalipa chochote kingine.

Ni mimi rafiki yako,
Halima