Kaka, saruji yako iko uani kwangu

Shikamoo kaka.

Naandika hapa kwa sababu namba yangu umeizuia. Ujumbe niliokutumia siku ya Maulidi hadi leo una tiki moja, na mtoto wa mama mdogo aliyeko huko huko Muscat anasema kila jioni uko hewani. Yeye ndiye atakayekusomea kama hutaki kusoma mwenyewe. Wasomaji wengine mtaniwia radhi, haya ni mambo ya ndani, ila mlango wa ndani umefungwa.

Jumanne alikuja fundi. Alishusha mkokoteni mlangoni, mifuko 6 ya saruji na maboksi ya marumaru nyeupe, akasema ametumwa na bosi wa Uarabuni amjengee mama kaburi kule Bweni ng'ambo ya mto, kimo cha goti, na kibao cha jina upande wa kichwa. Akaniomba nimpe mtoto wa kumwonyesha kaburi lenyewe ni lipi. Kaka, umeagiza kaburi lijengwe bila kumwambia anayelimwagilia maji. Nilimpa fundi chai, nikamwambia aache vitu vyake, kazi isianze. Alipoona nimeshupaa akanisikilizisha sauti yako kwenye simu yake, ile uliyomrekodia: "Kama kuna mtu atakuzuia, mwambie wazee wetu walijenga kwa mawe, aende Tongoni akaone."

Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kwa hasira. Mara mbili zilizofuata nilikuwa nasikiliza kifua chako tu. Una kikohozi, kaka, na si cha juzi. Hicho kiyoyozi cha chumbani unakizima ukilala? Mama alikuwa akikuchemshia tangawizi na mchaichai, ukiunywa huku umeziba pua. Tafuta tangawizi.

Sasa Tongoni, yale magofu ya kale ya upande wa Tanga. Nilikwenda mwaka jana, nilishuka na basi la Tanga nikaingia kwa miguu. Yale makaburi ya nguzo ni ya karne ya 14 na ya 15, watu wameyajenga kwa matumbawe na chokaa, kazi ya mikono inayokufanya unyamaze. Nguzo nyingi zimeanguka. Zilizobaki unaona matundu ya duara yalipokuwa yamepachikwa mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Mabakuli yenyewe yameshabanduliwa. Nikazunguka natafuta jina la mtu hata mmoja ili nimwombee kwa jina lake. Sikupata. Waliojenga walikuwa na mali, na yamkini nao walikuwa na watoto waliokuwa mbali wakitaka kulipa deni kwa mawe. Na Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani, je? Alinyongwa hapa hapa Pangani Desemba 1889, hadi leo wazee wanalitaja jina lake, na mimi niliyezaliwa mji huu sijawahi kuonyeshwa kaburi lake. Mashekhe wana maneno yao kuhusu kujengea makaburi, sitajitia uanachuoni. Nakwambia nilichokiona kwa macho.

Mama ana mashahidi mawili ya mkoko, vile vijiti vya kichwani na miguuni, na mrehani. Mwenyewe alitaka hivyo, kama alivyotaka azikwe bila kungoja, na hilo unalijua, kwa sababu ulikuwepo kwenye simu siku alipolisema, pale barazani, tulipokuwa tumetoka kumwondolea baba matanga.

Ya baba sitayarudia. Unayakumbuka. Siku mbili kwenye chumba cha maiti, umeme unakatika unarudi, tukikusubiri wewe, na wewe mwajiri akakunyima pasipoti na hukuja. Sikulaumu, sikukulaumu hata wakati ule. Ila mimi ndiye niliyekwenda na mjomba kumchukua, na wewe hukuuona uso wa baba ulivyokuwa. Mama aliuona. Ndipo jioni ile barazani akasema, "Mimi msinisubirishe. Hata awe nani." Ulikuwa kwenye simu, tumekuweka sauti kubwa, ukaitika, "Sawa mama, utaishi miaka mia." Ukacheka. Na sisi tukacheka.

Alipofariki ilikuwa Februari, unajua kaskazi ya Februari ilivyo. Alikata roho baada tu ya adhana ya alfajiri. Hata jua halijapanda vizuri tangazo lilishatoka msikitini, na kufika saa mbili wanawake wamejaa uani, mwingine na ndoo, mwingine na kuni, mwingine kaja mikono mitupu anauliza pa kuanzia. Ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea, ulichimbwa chumbani mwake chini ya kitanda cha kamba. Tulimwosha watu wanne. Mimi nilishika kichwa. Maji ya majani ya mkunazi, kisha ya mwisho yenye kafuri, na bibi aliyekuwa akituongoza hakupandisha sauti hata mara moja, utadhani anaogesha mtoto aliyelala. Nilimsuka nywele mikia mitatu. Zilikuwa chache, kaka, nyepesi kama uzi wa buibui, na mkia wa tatu ulikuwa ukifumuka kila nikiuachia. Nikausuka mara nne. Bibi akaniambia, "Basi, mwanangu, umeshika." Ndipo tukamvika sanda, vipande vyote vitano, na udi ukapitishwa.

Wewe ulipiga saa tano. Ulisema umepata ndege ya usiku, kesho alasiri utakuwa umefika, msizike. Ulilia. Ulisema, "Nakuomba, mdogo wangu, nakuomba kwa Mungu." Nilikwambia nitawaambia wazee.

Niliwaendea. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, wajomba wawili, shekhe na mzee wa mtaa. Mjomba mkubwa akaniuliza, "Kaka yako kasemaje?" Nikajibu, "Karidhia. Zikeni."

Ndiyo. Nilidanganya. Naliandika hapa hadharani kwa sababu na wewe ulinitaja hadharani, na tulipolizungumza baadaye kwenye simu nililizunguka, nikasema mtandao ulikuwa mbaya, nikasema wazee walinielewa vibaya. Mtandao ulikuwa mzuri, na wazee walinielewa sawasawa.

Lakini nisikilize na upande wangu. Ningewaambia "kaka amekataa", wangesubiri. Ningewaambia "kaka amekataa lakini mama aliusia", wangesema mtoto wa kiume ndiye mwenye neno, tena mkubwa, tena ndiye anayeleta pesa. Mimi niliyekuwa nikimgeuza mama kitandani miezi saba, neno langu halikutosha kumzika. Nikaazima lako. Ningefanyaje? Nimelala na swali hili usiku mwingi na kila nikiamka nafika pale pale: kwamba ningelifanya tena.

Tulipofika gatini maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu, mto mwekundu. Jeneza lilipandishwa kwenye pantoni mabegani mwa watu, mwenye matenga ya nazi akayasogeza, wenye pikipiki wakazima. Sisi wanawake tukabaki upande huu. Simu ilikuwa kifuani ndani ya kanga, inatetemeka. Ulipiga mara 9, nilihesabu baadaye. Mara ya kwanza pantoni ilikuwa haijaondoka. Mara ya tano ilikuwa katikati ya mto, na ile kanga ya kisutu iliyofunika jeneza bado naiona ilivyo nyekundu. Ningepokea dakika ile, ningemwita mjomba kwa simu, wangegeuza. Niliibana simu kwa mkono mpaka pantoni ilipogusa Bweni na watu wakaanza kupanda. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Basi hilo ndilo langu. Sasa lako.

Ulifika siku ya pili, alasiri, kama ulivyosema. Hukuchelewa, nakupa haki yako. Teksi kutoka Tanga, begi bado lina karatasi ya uwanja wa ndege kwenye mpini. Wanaume waliinuka nje kukupa mkono wa tanzia ukawapita. Uliingia ndani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wengine wana juzuu mikononi, ukapita katikati yao na viatu. Na viatu, kaka. Ukasimama mlangoni kwa chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani, ufuo umefukiwa na ule mchanga ulikuwa haujakauka, unaonekana umbo lake sakafuni. Uliutazama muda mrefu. Nilikuwa nyuma yako na glasi ya maji, nataka nikuguse bega nashindwa. Ukageuka ukasema, sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Mmemzika mama yangu kama mtu aliyeokotwa."

Mama yangu. Hukusema mama yetu. Halafu ukaninyooshea kidole mbele ya wale wanawake walioshika maji pamoja nami: "Na huyu mwongo ndiye aliyewaambia."

Mama mdogo akasema, "Mwanangu, kaa kwanza." Hukukaa. Yule bibi aliyetuongoza kuosha akainama, akaanza kuufuta kwa kanga yake mkeka pale ulipoukanyaga. Alifuta taratibu, hakukutazama. Uwongo wangu ulistahili kusemwa, nakubali, lakini ungeniita chumbani ukanipiga hata kofi, ningelipokea. Kumwita mama mtu wa kuokotwa mbele ya watu waliomwosha bila malipo, waliokuwa wamekesha wakimsomea, hilo sijaweza. Nimejaribu. Kila Ramadhani nasema safari hii nitasamehe, na kila nikiukunja ule mkeka namwona yule bibi ameinama. Ameshafariki naye, mwaka jana. Nilikwenda kumwosha.

Daftari la ubani ninalo mimi. Ulipoliona siku ya arobaini ulisema la nini, watu walileta elfu mbili mbili. Ngoja nikusomee. Ukurasa wa kwanza: muuza vitumbua wa stendi, 1,000 na sahani. Wavuvi wa gati, samaki ndoo 2. Mwalimu wa madrasa, 5,000. Jirani wa nyuma, mchele kilo 3 na kuni. Wewe uko ukurasa wa nne, milioni 1 na laki 2, na ndiyo iliyopika pilau ya hitima, Mungu akuzidishie, sijawahi kukudharau kwa hilo. Lakini tangu siku ile nimekwenda misiba 11 ya watu waliomo humo, na kila mmoja nimetoa kwa majina mawili, langu na lako. Alipofiwa yule muuza vitumbua nilikwenda na 10,000 na nikakaa siku zote tatu nikiosha vyombo. Mji huu unajua umefiwa na unajua ulilipa. Hujui kwa sababu hupokei simu.

Ushauri wangu kwako, na nakupa kama mdogo kwa mkubwa, kwa adabu: usirudi hapa kwa ajili ya kaburi. Rudi bila msiba. Njoo ukae wiki mbili, uvuke na pantoni ya asubuhi, uwasalimie wajomba ambao sasa mmoja haoni vizuri na anaulizia sauti yako. Shangazi ana sukari, mguu mmoja umeanza kumsumbua. Ukiwaona wangali hai hutakuwa na haja ya kumwambia mtu awasubirishe. Nami siku hiyo sitakuwa na haja ya kuazima neno la mtu. Unaona narudi kule kule. Nilitaka nikushauri wewe, najitetea mimi.

Kama kweli unataka kumfanyia mama kitu, paa la ile madrasa linavuja, bati 12 tu. Au kisima cha nyumbani. Mama hakuwa mtu wa marumaru, alikuwa akitembea peku mpaka sokoni.

Na kama bado unataka kujenga, kaka, njoo ujenge mwenyewe. Nitakuonyesha kaburi, maana wewe ulilizuru mara moja tu na siku hizi yameongezeka mengi kando yake. Sitakuzuia ukiwa umesimama pale. Nitakachokuomba ni mrehani usiung'oe, uuhamishie pembeni kwanza na udongo wake, mizizi yake iko juu juu.

Mifuko nimeipanga juu ya mbao, nimeifunika na kipande cha lile turubai la msiba. Upande mmoja kuna tundu. Masika ikianza saruji itagandia mifukoni na pesa yako itakuwa imepotea. Fundi anasema anaweza kuiuzia watu wanaojenga huku Pangadeco akurudishie chako. Niambie niifanyeje, hata kwa kumpitishia mtoto wa mama mdogo.