Barua kwa Mwanangu: Nenda Ludlow, Kisha Utoke Nje ya Mji

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Tanga. Sote hatujambo, na mama yako anakusalimu na kukuombea. Nilipokuja kukutembelea ulikuwa katikati ya mitihani, na ile jioni tuliporudi kutoka Ludlow, mimi na shangazi yako, sikutaka kukuchosha kwa maneno mengi. Nilikwambia tu kwamba mji ni mzuri na kwamba tumetembea hadi tumeridhika. Sasa umepumzika, na ninataka nikueleze kwa kirefu tuliyoyaona, kwa sababu ninatamani uende mwenyewe kabla hujamaliza masomo na kurudi nyumbani. Tangu ufike Uingereza umeijua nchi hiyo kwa maktaba, mabasi na maduka makubwa ya Manchester. Nchi yenyewe ina mengi kuliko hayo, na sehemu yake iliyonivutia kuliko zote inafikiwa kwa treni moja tu.

Ludlow ni mji mdogo wa gulio katika kaunti ya Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Treni inayotoka Manchester Piccadilly kwenda Cardiff hupita Shrewsbury, kisha Craven Arms, na kituo kinachofuata ndicho Ludlow. Kutoka stesheni unapanda kwa miguu hadi katikati ya mji, maana mji umejengwa juu ya kilima ambacho mto Teme umekizunguka upande wa kusini na wa magharibi. Wageni wengi hupiga picha ngome na nyumba za kale, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na ninakusihi usifanye hivyo. Mji ule haueleweki mpaka uyaone mashamba, vilima na mawe yanayouzunguka, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyouzaa.

Ngome ilianzishwa na ukoo wa de Lacy mwishoni mwa karne ya 11, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ili kuulinda mpaka wa Wales. Penye askari panahitajika chakula, ngozi, chuma na nguo, na penye mahitaji ya namna hiyo hapakosi wachuuzi. Katika karne ya 12 mji ukapangwa mbele ya lango la ngome, na eneo pana la soko likanyooshwa kuelekea mashariki. Ukisimama leo katika Castle Square na kuipa ngome mgongo, utaona uwanja unaanza ukiwa mpana, kisha unagawanyika kuwa vichochoro vyembamba vinavyokwenda sambamba. Vichochoro hivyo ni kazi ya wachuuzi wa zamani: mtu aliweka meza, meza ikawa kibanda, kibanda kikaezekwa paa la kudumu, na baada ya vizazi kadhaa kikawa nyumba ya ghorofa yenye mwenyewe, wala hapakuwa na wa kumwondoa. Nilisimama pale na ramani mkononi kwa muda mrefu, nikiwa na furaha kubwa, kwa kuwa ni nadra kuiona tabia ya soko ikiwa imeandikwa waziwazi hivyo katika sura ya mji.

Sehemu iliyobaki wazi ndiyo yenye gulio hadi leo, siku za Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Katika enzi za Malkia Victoria palijengwa jumba kubwa juu ya uwanja huo. Lilibomolewa mwaka 1986, na uwanja ukawa wazi tena. Nenda siku mojawapo ya hizo, hata kama nauli yake ni kubwa kidogo. Shangazi yako alimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza jibini maziwa yake yanatoka wapi, naye hakutaja kiwanda. Alinyoosha mkono kuelekea vilimani na kumwonyesha bonde. Mji huo pia una tamasha la chakula lililoanza mwaka 1995, ambalo hufanyika mwezi wa Septemba ndani ya kuta za ngome, na ukisikiliza wanavyoongea juu ya nyama, mkate na asali, utatambua kwamba kwao si mapambo ya utalii. Mkulima na mlaji wanajuana.

Ndani ya ngome, usiishie kwenye minara. Tafuta kanisa dogo la mviringo la karne ya 12, maana makanisa ya duara ni machache mno nchini humo. Hapo ngomeni ndipo lilipokaa Baraza la Wales na nchi za mpakani, lililotawala kwa niaba ya mfalme hadi lilipofutwa mwaka 1689, na baada ya hapo ngome ikaachwa ikawa gofu. Hapo pia ndipo alipofia Arthur, mrithi wa Mfalme Henry VII, tarehe 2 Aprili 1502, akiwa na umri wa miaka 15, miezi michache tu baada ya kumwoa Catherine wa Aragon. Mdogo wake ndiye aliyekuja kuwa Henry VIII. Akamwoa mjane huyo, na baadaye, alipotaka kuachana naye na Papa akakataa, akaitenga Uingereza na Roma. Mambo makubwa kiasi hicho yalianzia katika chumba cha mgonjwa kwenye mji wa mpakani.

Sasa nenda kwenye kanisa la Mtakatifu Laurence, na hapo nakuomba usiwe na haraka. Mnara wake una urefu wa mita 41 hivi, nao huonekana kutoka mbali mashambani kabla hujaiona nyumba yoyote. Mji mdogo kama ule haukuweza kulijenga kanisa la namna hiyo kwa sadaka za senti. Lilijengwa kwa sufu. Kondoo wa nchi ya mpakani walikuwa na sufu iliyotafutwa sana na wafumaji wa Flanders na wa Italia, na wafanyabiashara wa Ludlow waliikusanya kutoka vilimani na kuiuza ng'ambo. Fedha zao nyingi ziliingia katika chama cha kidini cha wenyeji, kilichomiliki nyumba na viwanja mjini na kuwalipa mapadri ili wawaombee wanachama waliokwisha kufa.

Ukiingia, nenda moja kwa moja hadi kwenye viti vya wanakwaya, vya mti wa mwaloni, vilivyotengenezwa katika karne ya 15. Ubao wa kila kiti hukunjuka, na chini yake pana rafu ndogo ya kuegemea wakati wa ibada ndefu za kusimama, na chini ya rafu hiyo pamechongwa picha. Moja inamwonyesha mtu akiota moto wakati wa baridi, nyama iliyokaushwa ikining'inia karibu naye. Nyingine inamwonyesha mwanamke muuza pombe akiwa amebebwa na shetani, anapelekwa kwenye kinywa cha jehanamu. Kikombe chake cha kuwapunjia wateja bado kiko mkononi, na shetani mwingine anasoma orodha ndefu ya dhambi zake. Niliinama nikaitazama kwa karibu, na mafundo ya kamba na mikunjo ya nguo yalionekana bado, ijapokuwa mikono ya watu imeilainisha mbao kwa zaidi ya miaka 500. Mchongaji yule alilijua soko. Kwa mji ulioishi kwa kununua na kuuza, dhambi iliyostahili kuchongwa kanisani ni ya kupunja kipimo.

Kuhusu nyumba sitasema mengi, kwa kuwa macho yako yatatosha. Ipite hoteli ya Feathers, ya mwaka 1619, uone mbao zake zilivyonakshiwa, kisha ushuke Broad Street hadi Broad Gate, lango pekee lililosalia kati ya malango ya ukuta wa mji, ambalo juu yake pamejengwa nyumba. Nyumba nyingi za kale pale zilisimamishwa kwa fremu za mbao, na nafasi zilizobaki zikajazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kama ile nyumba ya bibi yako kule Pangani.

Ukitoka langoni, endelea kushuka na uvuke daraja la mawe la Ludford. Mara tu baada ya daraja, kwenye kona ya barabara, pana ukingo wa mwamba usio na urembo wowote, na magari hupita karibu nao. Wengi hawageuzi hata shingo. Wewe simama. Mwamba ule uliwekwa tabaka juu ya tabaka chini ya bahari takriban miaka milioni 420 iliyopita, wakati kipande hicho cha ardhi kilipokuwa bado kusini mwa ikweta. Tabaka moja jembamba limejaa magamba, miiba na vipande vya mifupa ya samaki wa kale, na mawe ya hapo yametoa visukuku vya jamaa za buibui na tandu, vilivyotangazwa na wanasayansi mwaka 1990, ambavyo ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya wanyama wa nchi kavu. Gusa kwa mkono, lakini usichokoe, kwa kuwa mahali hapo panalindwa kisheria.

Aliyeyafanya mawe hayo yajulikane ulimwenguni ni Roderick Murchison, aliyeizunguka nchi hiyo ya mpakani katika miaka ya 1830, akayapanga matabaka yake na kukipa kipindi hicho jina la Siluria. Hadi leo wanajiolojia, wawe China au Marekani, hulitumia jina la Ludlow kwa sehemu ya kipindi hicho. Jina la Murchison unalijua tangu shule. Ndiye aliyekiongoza Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London wakati Burton, Speke na Livingstone walipokuwa wakizunguka huku kwetu, na ni kwa heshima yake Samuel Baker aliyaita hivyo, mwaka 1864, maporomoko ya Nile kule Bunyoro, mahali mto wote unapobanwa katika mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Maporomoko yale yalikuwa na wenyewe kabla Baker hajafika, na katika miaka ya 1970 Uganda iliyaita Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Ninakuandikia haya ili uone kwamba wale walioandika majina yao kwenye ramani yetu walikwisha kujifunza kwanza kuisoma ardhi ya kwao, katika vilima vidogo unavyoweza kuvitembea kwa siku moja. Jambo hilo linanigusa sana, na ningependa likuguse na wewe, ambaye umekwenda huko kusoma.

Siku inayofuata, ukipata malazi, panda treni urudi kituo kimoja hadi Craven Arms na utembee hadi Stokesay. Pale pana nyumba iliyojengwa na mfanyabiashara wa sufu, Lawrence wa Ludlow, ambaye mwaka 1291 alipata ruhusa ya mfalme kuijengea kuta za ngome. Ukumbi wake mkubwa bado una paa lake la mbao, na katikati ya sakafu ndipo palipokuwa na moto. Ukiwa ndani utaelewa utajiri wa sufu ulikuwa wa kiasi gani, maana huyu hakuwa mwana wa mfalme wala jemadari. Alikuwa mnunuzi wa manyoya ya kondoo. Mwaka 1294 alizama baharini pamoja na sufu aliyokuwa akiipeleka ng'ambo, na wapo watawa wa wakati huo walioandika kwamba aliadhibiwa kwa sababu aliwadhulumu wauzaji wenzake katika jambo la kodi ya sufu.

Lakini kitu ambacho ningependa ukijaribu kuliko vyote ni kutembea mashambani. Uingereza ina njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, na kila mtu ana haki ya kuzipita, awe mwenyeji au mgeni. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka kaunti ziorodheshe njia hizo na kuzichora rasmi, na mkulima anayelima juu ya njia hulazimika kuirudisha ili watu wapite. Utaziona kwa mshale wa njano kwenye nguzo, na kwenye ramani ya vipimo vya 1:25,000 zimechorwa kwa vistari vya kijani. Tulipanda Whitcliffe, ng'ambo ya mto, ambako mji wote unaonekana mbele yako, ngome, mnara na mapaa, kisha tukafuata njia iliyopita kati ya nyua za miti zilizochanua maua meupe, hadi tukajikuta tumesimama katikati ya kondoo na wana-kondoo wao. Mwenye shamba alitupita na trekta lake, akatuinulia mkono, akaendelea na kazi. Mtu mweusi akiwa peke yake kijijini ugenini huweza kuwa na wasiwasi, na najua unao. Ndiyo maana nakwambia wazi kwamba sheria iko upande wako pale, na uende na rafiki.

Vaa viatu vinavyoshika matope. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi. Usiwakaribie wana-kondoo hata kama wanapendeza, na beba koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua. Maji na mkate nunua pale pale guliani, siyo stesheni.

Sisi hatukufika Titterstone Clee, kilima cha mita 533 upande wa mashariki wa mji, kwa sababu magoti ya shangazi yako yalikataa na mimi nisingeweza kumwacha. Ukikipanda, niandikie uliyoyaona kutoka juu, upande wa Wales na upande wa Ludlow, na uniambie mawe yake ni ya rangi gani.

Baba yako anayekupenda