Barua ya wazi kwa vijana mlioniletea mkataba wa katuni

Wanangu, salaam.

Jumapili mlikuja mnataka niweke nyumba yangu rehani mpate hela ya kununua leseni, yaani ruhusa ya mwenye katuni ya Kijapani muiwekee sauti ya Kiswahili na kuiuza. Mlipotoka nliwaambia ntawajibu, na najua mlitegemea simu, ila haya mambo kwenye simu hayakai, na wapo wenzenu wengi huko nje wanataka kufanya hiki hiki mnachotaka nyie, kwa hiyo nimeona bora niandike wazi kila mtu asome. Majina yenu siyataji, msiwe na wasiwasi.

Kwanza sijawadharau. Mtu anayekesha kutafsiri katuni ya Kijapani kwa Kiswahili, anaweka sauti, anarusha Telegram na hapati hata mia, huyo ana moyo, na njia hiyo wakubwa wameipita. Hao Crunchyroll mnaowasifia, wenye tovuti ya kuangalia katuni za Kijapani, walianza 2006 kule California watu wakipandisha video bila ruhusa ya wenyewe, wakaja kunyooka 2009 walipoanza kulipia haki, na 2021 Sony ikawanunua kwa dola bilioni 1.175. Hiyo stori mmenisimulia mara tatu Jumapili moja. Ambayo hamkunisimulia ni ya wale waliolipia haki tangu mwanzo, kihalali kabisa, na bado wakaanguka.

Mnajua mi nimeuza kaseti Kariakoo, baadae CD, miaka yote hiyo kwenye fremu ya kupanga. Nlitoa kilemba cha maana, ile hela ya kuingilia fremu, nikapiga rangi, nikachongesha mashelfu ya mninga, watu wakazoea kusema "dukani kwa mzee" mpaka na mimi nikajisahau nikaona ni kwangu kweli. Mwenye nyumba akauza. Aliyenunua akanipa miezi mitatu. Mashelfu nliyabeba, wateja hawabebeki.

Sasa leseni ya katuni ndo fremu hiyo hiyo. Ile hela kwenye mkataba wenu mnayotakiwa kulipa mbele kabla hamjauza chochote ni kilemba, tofauti yake tu hiki cha kwenu kinahesabiwa ndani ya mirabaha (lile fungu la mauzo analopewa mwenye katuni), yaani mnaanza kudaiwa mirabaha mipya pale mauzo yakishakimaliza, na yasipokimaliza hamrudishiwi hata senti. Muda ukiisha mnatoka. Na ukurasa wa sita, sijui kama mliusoma, unasema sauti ya Kiswahili mtakayorekodi nyie kwa hela yenu ni mali ya mwenye katuni. Mashelfu yangu ya mninga angalau nliondoka nayo.

Niwape mfano wa Texas. Kuna kampuni ya kuuza katuni za Kijapani ilikuwa Houston inaitwa ADV, waliianzisha John Ledford na Matt Greenfield mwaka 1992, vijana kama nyie wapenzi wa kitu chenyewe. Walikuja kupata haki ya katuni ya Neon Genesis Evangelion, ikauza kwelikweli, 2002 wakafungua mpaka chaneli yao ya TV, kila mtu Marekani anayeangalia katuni za Kijapani anawajua. Miaka ile diski moja yenye vipindi vitatu vinne ilikuwa inaenda karibu dola 30, na kampuni zote zinaona hela hiyo hiyo, kwa hiyo zikaanza kugombania mizigo Tokyo na Wajapani sio wajinga, ukiona wanunuzi watano mlangoni si unapandisha bei. Siri ya bei ikaja kutoka baadae sana mahakamani, katuni 29 zikaanikwa na kila moja ADV walikubaliana shilingi ngapi, na moja inaitwa Kurau Phantom Memory ilikuwa dola 960,000. Ina vipindi 24. Gawanyeni wenyewe, ni dola 40,000 kwa kipindi kimoja, kabla hujamlipa msoma sauti, kabla hujachapa diski, kabla hujalipa tangazo. Piga hesabu yangu ya kiduka, hata kila diski ikikuachia dola 10 safi mfukoni, unatakiwa uuze diski 96,000 ndo urudishe kilemba tu. Na hiyo katuni wangapi hapo mnaijua? Nliwauliza Jumapili, mmoja ndo alinyoosha mkono na yeye alikuwa anabahatisha.

Afu mambo yakaja yote kwa pamoja. Januari 2006 Musicland wakafilisika, hao ndo walikuwa na maduka ya Suncoast ambayo wapenda katuni walikuwa wanajazana humo, na mjue Marekani duka likishindwa kuuza linakurudishia diski zako, kwa hiyo unaweza kudhani umeuza kumbe mzigo uko njiani unarudi. Wakati huo huo watu wameanza kuangalia bure kwenye intaneti, zimetafsiriwa na mashabiki usiku kucha kama mnavyofanya nyie (sisemi kitu). Mwaka huo huo kampuni ya biashara ya Japani, Sojitz, ikanunua hisa asilimia 20 za ADV, na mtu yeyote angesema sasa wametoboa, wamepata tajiri. Geneon ya Marekani, wauza katuni wenzao, ikaacha kusambaza Septemba 2007. Januari 2008 katuni kibao zikatoweka kwenye tovuti ya ADV bila maelezo, ikiwemo Gurren Lagann ambayo walishaanza kuiwekea sauti ya Kiingereza, ikaenda kwa kampuni nyingine ikarekodiwa upya toka mwanzo. Julai zaidi ya 30 zikahamia kwa washindani wao Funimation. Septemba 2009 ADV wakauza kila kilichobaki, na huko New York wauza katuni wengine, Central Park Media, walikuwa wameshafilisika tangu Aprili.

Mnadhani iliishia hapo? 2011 Funimation wakawashtaki ADV pamoja na kampuni zilizochukua mali zao wakidai dola milioni 8, na ndo kesi iliyoanika zile bei, mwisho wakayamaliza kwa usuluhishi. Duka limeshafungwa miaka miwili na bado wanaitwa mahakamani. Ndo mana mlivyoniambia "mzee ikifeli tunafunga tu kampuni" nlinyamaza nikanywa chai.

Sasa wewe unayeshika hela, nakuandikia wewe hapa. 4Kids, kampuni ya leseni za katuni ya New York, ilitajirika na Pokémon, ilikuwa mpaka kwenye soko la hisa, wenyewe walipoichukua Pokémon yao, 4Kids ikabaki inaegemea katuni nyingine ya Kijapani, Yu-Gi-Oh!. Bahati mbaya ikapoteza hela nyingine kwenye biashara ya kadi. Wajapani wakaleta wakaguzi kupitia vitabu, maana kwenye mikataba hii mwenye katuni ana haki ya kukagua daftari lako, hata wa kwenu upo ukurasa wa nne. Machi 2011 TV Tokyo na wenzao NAS, waliowapa leseni ya Yu-Gi-Oh!, wakaenda mahakamani wanadai karibu dola milioni 4.8, wanasema makato haya hatukukubaliana na kuna hela za pembeni hamkutugawia, na leseni tumeshaivunja. 4Kids ikakimbilia mahakama ya ufilisi Aprili 6 kuomba kinga. Desemba jaji akaamua kwamba leseni haikuvunjwa kihalali, iko hai! 2012 wakapatana, na 4Kids ndo ikalipwa yenyewe, dola milioni 8.

Umeshangilia eh? Mwaka huo huo wa 2012 ikauza. Yu-Gi-Oh! ikaenda kwa Konami, vingine vikaenda kwingine. Mwaka mzima unalipa mawakili huku wateja wanakukimbia wanasema huyu ana kesi, ushindi unaukuta umebaki na kiti na meza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mi naongeza kwamba daftari lenyewe liwe la kusomeka na mtu asiyekupenda, sio lile ulilonionyesha lina "matumizi mengine" mistari kumi na moja. Nliihesabu.

La dalali nalo. Mliyekutana naye sio mwenye katuni, ni dalali, na udalali sio dhambi, ila katuni za Kijapani nyingi ni kama nyumba ya urithi: kuna mchapishaji wa kitabu cha picha, kuna kituo cha TV, kuna kampuni ya muziki, kuna ya midoli, wote wamechanga wakaunda kamati na kila mmoja ana sehemu yake. Mmoja anaweza kukuuzia chumba ambacho sio chake bila hata nia mbaya. Katuni ya Macross ya 1982 iliwatesa watu hivyo hivyo. Harmony Gold ya Marekani ilipata haki kwa Tatsunoko, studio ya Japani, ikaitumia kutengeneza katuni ya Robotech 1985, baadae mahakama za Tokyo 2002 na 2003 zikasema michoro ya wahusika na madege ni ya kampuni nyingine mbili za Japani, Big West na Studio Nue, ila filamu zenyewe za mfululizo ule ni za Tatsunoko. Nyumba moja hati mbili! Macross nyingi zilizofuata zikakwama kutoka nje ya Japani mpaka walipopatana Aprili 2021. Waliozaliwa wakati wa hukumu ile walikuwa wameshaanza kunyoa ndevu. Kwa hiyo mwambieni dalali alete karatasi kutoka kwa kila mrithi, inayosema sauti ya Kiswahili, nchi zipi, simu na TV na ukumbini, na miaka mingapi. Akisema "hilo halina shida" bila karatasi, hilo ndo lina shida.

Kodi ntasema kidogo tu. Mirabaha ukimlipa mtu wa nje hapa kwetu unakata asilimia 15 unapeleka TRA, na mkataba wenu umeandikwa Mjapani apokee hela kamili bila makato. Hiyo asilimia anailipa nani? Nyie. Haipo kwenye bajeti yenu.

Sasa jibu mlilolifuata. Nyumba yangu siiweki rehani. Mama yenu nlimuuliza kwa adabu tu, na jibu lake siliandiki hapa.

Ila studio ile ndogo mnayotaka kukodi ntawalipia miezi sita, kwa sharti kwamba hiyo miezi sita hamnunui haki ya mtu. Tafuteni wale ambao tayari wana haki za Afrika na hawana Kiswahili, muwauzie kazi ya sauti, kwa kipindi, nusu mbele nusu mkikabidhi. Fundi akimaliza kupaka rangi analipwa anaondoka, nyumba ikiuzwa haimhusu. Mkitaka leseni yenu baada ya hapo, chukueni katuni moja ya zamani, fupi, mkubaliane kugawana mapato bila kilemba, au kilemba ambacho mkikipoteza mtakasirika tu ila hamtahama mji.

Njooni Jumamosi baada ya alasiri. Mje na mkataba mzima uliochapwa, sio picha tatu za kwenye simu, macho yangu mnayajua. Na yule aliyebahatisha Kurau aje pia, nimeiangalia vipindi viwili nina maswali.

Mzee wenu, Kariakoo