Aliyejaribu kujiua akaokolewa afuatwe hadi nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo hospitali, serikali za mitaa na familia za Dar es Salaam zinaweza kulianza bila kusubiri jengo jipya. Mtu aliyejaribu kujiua, mwili wake ukishatulia, huruhusiwa kurudi nyumbani. Hapo ndipo tunapompoteza. Aliyewahi kujaribu yuko katika hatari kubwa kuliko watu wengine, na wiki na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Nasi tunamrudisha kwenye chumba kilekile na madeni yaleyale, mkononi ana tarehe ya kliniki ambayo nauli yake haipo.

Namna ya kuziba pengo hilo inajulikana. Shirika la Afya Duniani liliijaribu kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua, katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. Kundi la pili, karibu na siku ya kuruhusiwa, kila mmoja alikaa na mtaalamu kama saa nzima wakazungumza juu ya hali yake, dalili za hatari na mahali pa kukimbilia. Kisha akafuatwa mara tisa, kwa simu au kwa kutembelewa: wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, halafu mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Baada ya miezi 18, waliokufa kwa kujiua katika kundi lililofuatwa walikuwa asilimia 0.2. Katika lile jingine walikuwa asilimia 2.2. Hakukuwa na dawa mpya wala mtambo wowote, ni saa moja ya mazungumzo na mtu wa kurudi kuuliza hali.

Tunao watu wa kuifanya kazi hiyo: wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa ustawi wa jamii. Mtoto asipoletwa kwenye chanjo, mhudumu huenda kumtafuta mtaani. Mgonjwa huyu naye awe na kadi yenye zile tarehe tisa, iandikwe kabla hajatoka wodini, na nakala yake iende zahanati iliyo karibu na anapoishi.

Kinachoharibu ufuatiliaji hapa Dar kinafahamika. Kwanza ni simu. Namba moja haitoshi, maana laini hubadilishwa na simu huuzwa. Zichukuliwe tatu, kwa ridhaa yake: yake mwenyewe, ya anayeishi naye, na ya mtu wa tatu anayemwamini. Pili, wapangaji huhama, na familia nyingi humpeleka mgonjwa kijijini "akapumzike". Akipelekwa Mkuranga au Korogwe, kadi iende naye, na zahanati ya huko ijulishwe kabla ya safari. Tatu ni aibu. Mhudumu akifika na sare, ameongozana na mjumbe na kundi la majirani, uani hapatakuwa na siri tena, na ziara ya pili mlango hautafunguliwa. Aende mtu mmoja, nguo za kawaida, na mazungumzo yafanyike mahali ambapo ukuta mwembamba wa nyumba ya kupanga hautayapeleka chumba cha pili.

Aulizwe waziwazi: "Siku hizi wazo la kujiua limekujia tena?" Wengi wetu tunaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii; mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Akisema ndiyo, aulizwe kama ameshapanga na kama kitu anachokifikiria kiko karibu. Ikiwa hivyo, asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda kutafuta bajaji. Mmoja abaki naye, mwingine aite usafiri, wampeleke Muhimbili, Amana, Mwananyamala, Temeke au hospitali iliyo jirani. "Mshukuru Mungu, wenzako wana makubwa kuliko hayo" ni maneno ya nia njema yanayomfunga mdomo.

Nyumbani, kabla hajarudi, ndugu waondoe dawa zilizobaki na sumu za wadudu na panya. Kuficha juu ya kabati katika chumba kimoja hakusaidii. Viende nyumba nyingine kabisa. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi, na umbali huo humpa mtu nafasi ya kulivuka. Akiandikiwa dawa za sonona, apewe za wiki moja moja na ndugu azitunze. Nguvu ya dawa hizo huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi. Vijana waangaliwe kwa karibu zaidi katika wiki hizo za mwanzo. Sala na dua ziendelee, ila tunawaomba mashehe na wachungaji wasimwambie mtu aache dawa.

Vikoba navyo vina nafasi. Mfuko wa jamii unaochangia msiba unaweza kulipa nauli ya kliniki, na viongozi wanaweza kusogeza marejesho ya mwanachama kwa miezi mitatu bila kutangaza sababu kikaoni. Mikopo ya kausha damu haina huruma hiyo, kwa hiyo hapo anahitajika ndugu wa kukaa naye na kuzungumza na mdai badala yake.

Kuna sheria inayotuzuia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia ikiogopa polisi humchelewesha hospitali, au humwambia daktari ni bahati mbaya, na asiyejulikana hawezi kufuatwa. Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kifungu cha aina hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Wabunge wetu wa Dar walipeleke suala hili bungeni.

Na wewe Mhariri tuna ombi kwako. Mjini Vienna, mwaka 1987, magazeti yalikubali mwongozo wa kuandika kwa uangalifu habari za watu waliojiua kwenye reli ya chini ya ardhi, na katika nusu ya pili ya mwaka huo matukio, yakiwemo majaribio, yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Habari hizi zisikae ukurasa wa kwanza, njia iliyotumika isitajwe, picha ya eneo isiwekwe, na sababu isifupishwe kuwa "wivu wa mapenzi" wakati mambo huwa mengi. Chini ya kila habari pawe na mstari wa msaada: hospitali za mkoa zilizo karibu, na kwa mtoto, namba 116, ambayo kupiga ni bure.

Mfanyakazi wa afya ya akili,
Mbagala, Dar es Salaam