Bastola na dera

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Mama Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, joto tu ndilo linatunyoosha. Natumaini huko Kigoma, mwisho wa reli, hamjambo na mguu wa Baba Zuhura umepata nafuu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na pale ulipoanza kugombana na makuli ukanisahau hewani. Nakujibu kwa maandishi, maana haya utahitaji kuyarudia.

Unataka bastola. Haya. Umeniuliza mimi kwa sababu ya miaka ya ghala la silaha, kwa hiyo vumilia majibu ya mtu wa ghala. Kibali kina safari ndefu lakini njia yake inajulikana. Kuishi nayo ndiko kunakowashinda watu, na huko nitakuchosha zaidi.

Sheria yenyewe ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Inataka uwe umevuka miaka 25 (hapo ulipita zamani, usinune), uwe na akili timamu, usiwe mtu wa fujo wala mtumwa wa kilevi, usiwe na hatia za jinai, na uwe umefundishwa silaha ukapimwa. Barua inaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, inapanda kata, inafika kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na kamati ya usalama ya wilaya, inakwenda mkoani, mwisho kwa Msajili wa Silaha makao makuu ya polisi. Kila ngazi wanataka kujua yale yale: huyu mama anafahamika? Ana ugomvi na nani? Nyumbani kwake kuna amani?

Usiandike "naomba silaha ya kujilinda" ukaweka sahihi. Kila mwombaji anaandika hivyo. Eleza biashara: unanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, unalipwa taslimu, fedha inatoka wapi kwenda benki gani, kwa saa zipi, na kwa nini njia nyingine hazikutoshi. Ambatisha leseni ya biashara, TIN, kitambulisho cha NIDA na picha. Majina yafanane, tafadhali! NIDA wewe ni Mwajuma Rashidi, kwenye leseni ya biashara umejiita Mwajuma R. Hamisi. Kigoma wanacheka tu, wanakujua, lakini anayesoma faili makao makuu anaona watu wawili. Faili linarudishwa, na faili lililorudishwa hukaa. Kila karatasi ikigongwa muhuri, toa nakala kabla hujaiachia mkononi mwa mtu. Malipo yawe kwa kontroli namba, upewe risiti. Akitokea mwenye njia ya mkato, ujue anakuuzia leseni isiyokuwemo kwenye daftari, na ukija uhakiki wa silaha kama ule wa 2016 utakuwa peke yako dirishani.

Halafu lile gobore la marehemu baba mkwe, kule Kasulu. Bado liko darini? Mikoa yetu hii miwili imejaa magobore ya urithi, na wenyewe wanayaona kama jembe la zamani. Polisi hawayaoni hivyo. Silaha hairithiwi kama shamba. Mwenye nayo akifariki inapelekwa kituoni, anayeitaka anaomba upya kwa jina lake. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022. Hata kama hakuna kipindi sasa hivi, Baba Zuhura aende kwanza na mwenyekiti wa kijiji wakaulize kituoni, gobore likiwa bado limelala pale pale, asipande nalo basi. Hilo liishe kabla barua yako haijaanza safari.

Ukipata ruhusa ndipo unanunua, kwa muuzaji mwenye leseni, na namba ya silaha inaandikwa kwenye leseni yako. Kuanzia hapo ni wewe na namba hiyo. Sadiki akilinda ghala usiku, huwezi kumwazima. Baba Zuhura naye huwezi.

Sasa dera. Nacheka lakini ni jambo zito. Bastola inayobebwa sana ni ya milimita 9. Chukua mfano Glock 19, magazini ya risasi 15 ikijaa inafika karibu gramu 850. Uzito huo unataka mkanda mgumu wa ngozi na ala, yaani mfuko wake, inayofunika chote kile kifyatulio cha kubonyeza kwa kidole. Wewe huvai mkanda. Kuna mikanda ya kitambaa ya kufunga tumboni chini ya nguo, inafaa, mradi ndani yake kuwe na ganda gumu juu ya kifyatulio. Kitambaa kitupu ni hatari: kidole kinaweza kubonyeza kupitia kitambaa, na kamba ya nguo inaweza kuingia. Tena Glock haina ile sefti ya kuwasha na kuzima kwa kidole gumba, kwa hiyo ala ndiyo inayokulinda.

Na kuitoa? Dera linapandishwa kwa mkono mmoja, mwingine ndio ushike. Vijana wawili wa bodaboda wanaokwapua mkoba wamefika Mwanga wewe bado uko magotini na kitambaa. Nakwambia hili ili ujue unanunua nini.

Utasema basi utaiweka kwenye mkoba. Hapana, Mama Zuhura. Mkoba ndio kitu cha kwanza wanachokwapua, na ndicho kitu unachokitupa kwenye kochi ukifika nyumbani, wajukuu wakaanza kutafuta pipi. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo: bastola ikiwa mwilini haisumbui sana, inasumbua saa unapoivua. Unaoga, unaswali, unalala, wageni wamekuja, mtoto analia… iko wapi? Kila saa ya siku yako jibu liwe moja kati ya mawili, kiunoni au kwenye sefu. Siyo chini ya mto. Siyo juu ya kabati, watoto wanapanda viti.

Sefu yenyewe iwe imefungwa ukutani au sakafuni kwa bolti kutoka ndani. Sefu ndogo isiyofungwa mwizi anaibeba nzima akaifungulie porini. Risasi zikae pengine, zimefungwa pia. Sefu ikiwa ni ya namba, usiweke mwaka aliozaliwa Zuhura, mtaa mzima unaujua. Betri zake hufa, kwa hiyo funguo ya dharura isikae ndani ya sefu hiyo hiyo (usicheke, watu hufanya).

Kuipakua, yaani kuitoa risasi, kuna mpangilio, na ukigeuzwa unaua. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi, kile kipande cha juu, nyuma mara kadhaa, ishikilie wazi, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ingiza kidole uhisi patupu. Anayevuta slaidi kwanza halafu akatoa magazini ameacha risasi moja ndani: ile iliyopanda alipoachia slaidi. Anaangalia magazini mkononi, anasema haina kitu. Ajali nyingi za nyumbani zinaanzia hapo. Mwanzoni beba magazini ikiwa ndani na chemba tupu, hadi mkufunzi aseme mikono yako imetulia. Na usipakie risasi ile ile kila asubuhi kwenye chemba. Kila inapogonga, ncha inasukumwa ndani ya ganda, na ikilipuka shinikizo linazidi kiasi.

Unyevu wa ziwa na jasho vitaila kutu. Ifute kila wiki kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, kidogo tu, maana yakizidi yanakamata vumbi na yakipenya kwenye fataki, ile ya kuwashia kwenye kitako cha risasi, risasi inaweza isilipuke. Mawese hapana! Nakujua wewe, mawese unatibia kila kitu.

Benki, mahakamani, uwanja wa ndege: mwambie mlinzi kwa sauti ya chini kabla hujafika mlangoni, mikono ionekane, usiichomoe umwonyeshe. Trafiki akikusimamisha, vivyo hivyo. Ukivuka Manyovu kwenda Burundi, au ukipanda boti ya Kalemie au Uvira, leseni yako inaishia mpakani, na bastola inabaki kwenye sefu. Harusini hakuna kupiga hewani, hata mjomba yule akiomba. Risasi inayopanda inashuka kwa mtu.

Na kuhusu kuitumia, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea mwenyewe, mtu mwingine na mali, lakini kwa nguvu inayostahili tu. Ukizidisha, unashtakiwa kwa kilichotokea. Kijana anayekimbia na mkoba wako amekupa mgongo. Ukimpiga hapo, kesi ni yako, hata kama mkoba ulikuwa na mauzo ya wiki nzima.

Kwa maoni yangu, punguza kwanza hiyo fedha. Wanunuzi wa Mwanza na Dar walipe kwa simu au benki, za mwaloni pekee ndizo ubebe, na ubadilishe saa na njia. Kama baada ya hapo bado unaihitaji, nitakusaidia kupanga barua neno kwa neno.

Ila nijibu haya kwanza. Wazo hili ni lako, au ni la Sadiki? Baba Zuhura anajua, na amesemaje? Nani analala kwenye nyumba siku hizi, na yule mdogo wako mwenye mambo yake ya pombe amehama au bado yupo? Fedha taslimu unabeba kila siku au siku za mnada tu? Wale wateja wa Kasulu wamekataa kulipa kwa simu au hujawahi kuwauliza? Na Mama Ashura alikulipa?

Yusta anakuja na treni mwisho wa mwezi, mpe mawese, na dagaa wakavu kidogo wasio na mchanga. Asali yako ipo, lita tano za miombo. Dumu lake naomba lirudi.

Wako,
Mama Kulwa